Mchezo Si Chambo

Ukiishi Unguja, ndugu zako wa bara hawakuulizi kama umechoka. Wanakuuliza bahari ikoje.

Mimi ni mtumishi wa wanafunzi. Kazi yangu ni kuwalea kiroho vijana Wakristo wanaosoma vyuo vya hapa kisiwani, na posho yangu, kama ilivyo kwa watumishi wengi wa aina yangu, inatoka mifukoni mwa watu: wahitimu ambao enzi zao walilelewa katika ushirika kama huu, makanisa mawili matatu, shangazi zangu, rafiki wa mama. Nawaheshimu watu hawa kuliko ninavyoweza kusema. Ndiyo maana ujumbe wa mmoja wao ulinigusa. Nilikuwa nimeweka picha nikiwa ufukweni Bwejuu, nimelowa chapachapa, dera limenigandia, nacheka. Akaandika: "Mtumishi, huko naona mnakula raha tu. Kazi ya Bwana inaendelea?"

Nusu alikuwa anatania, nusu hatanii. Na swali hilo si lake peke yake. Wanafunzi wangu wanalo, hasa wale waliolelewa kwenye makanisa ambako kijana aliyeokoka hupimwa kwa mikesha aliyohudhuria. Wazazi wao wanalo pia. Nataka kulijibu waziwazi, kwa sababu naamini mtumishi asiyepumzika anawaonyesha wanafunzi wake Mungu ambaye si yule wa Biblia. Na nina neno la pili, gumu zaidi kidogo, kwa wenzangu tunaofanya kazi hii: tukicheza, tucheze kweli.

Kwanza kazi yenyewe, maana asiyeijua atadhani nazungumzia mtu aliyekuja likizo. Vyuo vya Unguja vimetawanyika. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina makao makuu Tunguu, lakini kampasi zake nyingine ziko Vuga, Mbweni, Maruhubi na kwingineko. Tunguu hiyo hiyo kuna Zanzibar University. Chukwani kuna chuo kingine, na Bweleo tangu 2023 kuna tawi la IIT Madras ya India. Mimi sina gari. Naamka, napanda daladala, nashuka, natembea, nakaa na mwanafunzi mmoja chini ya mwembe, napanda nyingine. Jioni kuna kikundi cha kujifunza Biblia, siku nyingine maombi, Jumapili ibada. Katikati ya hayo kuna kijana aliyefiwa na baba Geita na hana nauli ya boti, kuna binti ambaye mchumba kamwacha wiki ya mitihani, kuna yule anayenipigia saa saba ya usiku kusema haamini tena na hajui amwambieje mama yake.

Wengi wao ni watoto wa bara. Wametoka sehemu ambako kanisa liko kila kona, wamefika Zanzibar, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja, na karibu wote ni Waislamu. Adhana inawaamsha alfajiri. Ijumaa mchana wanaona mji mzima unasimama. Mwezi wa Ramadhani wanajifunza kula ndani, kimya, bila kunung'unika, kwa heshima ya wenyeji wao. Wengine wanapenda hali hii tangu siku ya kwanza. Wengine wanajikunja. Wanajifungia kwenye kundi dogo la Wakristo wenzao, wanasali sana, wanalala kidogo, na wanaita hali hiyo kusimama imara. Mimi naiona kama woga uliovaa nguo za maombi, na inaniumiza, kwa sababu ni vijana wazuri wanaompenda Mungu kweli.

Nisiupuuze woga wao lakini. Wakristo wakongwe wa hapa wanakumbuka Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipopigwa risasi na kuuawa Mtoni akielekea kuongoza misa, na wanakumbuka makanisa yaliyochomwa moto miaka ile. Ukiwaambia wazee tunataka kukusanyika na wanafunzi jioni nje, pahala pa wazi, kwanza wanakaa kimya. Nimejifunza kuusikiliza ukimya huo na kuwaaga vizuri kabla sijaondoka na watoto wa watu. Ila nimejifunza vilevile kwamba majirani wa kisiwa hiki, mama anayeniuzia maandazi, mzee wa kahawa anayeniita "mwanangu" na kunikumbusha nile kashata kabla ya kunywa kile kikombe kichungu, hawapaswi kubebeshwa mzigo wa waliofanya maovu yale. Kujifungia ndani ni kuwahukumu wote kwa pamoja.

Basi tunatoka.

Makambako nilikokulia, mapumziko yanapangwa na kalenda. Hapa yanapangwa na mwezi. Nilipofika sikujua kabisa habari za bamvua na maji mafu. Nilidhani bahari ipo tu, unaikuta ulipoiacha. Sasa kabla sijapanga siku ya matembezi naangalia mwezi kwanza. Siku za mwandamo na siku za mwezi mpevu ni bamvua: maji yanapwa mno na kujaa mno, na kati ya kupwa na kujaa kunaweza kuwa na tofauti ya mita 4 hivi. Siku hizo pwani ya mashariki inakauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, unaweza kutembea kuelekea mwambani hadi nyumba za kijiji zikawa ndogo nyuma yako, halafu saa kumi au kumi na moja jioni maji yamerudi hadi kwenye mizizi ya minazi. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, na baada ya wiki moja unaingia maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo. Jumamosi ya bamvua ndiyo siku yetu. Asubuhi tunatembea penye ukavu, mchana tunakula kivulini, jioni tunaogelea. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini si Jumamosi ijayo, namwambia amuulize mwezi.

Tunguu iko njiani kuelekea kusini mashariki, kwa hiyo gari linatuchukua hapo hapo barabarani. Tunabanana na magunia ya unga na mama wenye vikapu. Gari linapita msitu wa Jozani, dereva anapunguza mwendo kwa sababu ya kima punju wanaovuka barabara, wanafunzi wapya wanapiga kelele, kila safari hivyo hivyo. Halafu miti inakwisha, mawe ya matumbawe yanaanza, na mbele yake buluu ile.

Siku ninayotaka kuieleza tulifika Bwejuu maji yakiwa yamekwenda. Mbele yetu palikuwa na mambo, vile vijiti vya kulimia mwani, zimesimama safu kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, vijishada vya mwani vimening'inia kila baada ya shubiri. Wanawake walikuwa wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, wengine wamekaa kabisa kwenye maji ya magotini, wanafunga mbegu mpya kwa vikamba vidogo. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi ni akina mama. Mmoja alinyoosha mgongo akatutazama. Tulimpa shikamoo. Akaitikia, akauliza: "Nyie watoto wa chuo mmekuja kutupiga picha?" Nikamwambia hapana mama, tumekuja kucheza. Akasema basi vaeni viatu, huko mbele kuna wale weusi wenye miiba, na msizikanyage kamba zetu. Kisha akaendelea na kazi yake, na sisi tukazunguka mbali na shamba lake.

Wavulana walicheza mpira kwenye mchanga mgumu, kandambili ndiyo magoli. Wasichana walicheza nage. Kati yao alikuwepo Mpemba mmoja, Mwislamu, anayekaa chumba kimoja na binti wa kikundi changu. Alikuja kwa sababu rafiki yake anakuja, si zaidi ya hapo. Huyu binti alipoingia katikati mpira haukumgusa. Alijipinda, akachutama, akaruka, huku anajaza mchanga kwenye chupa, ushungi umefungwa kisogoni barabara, na wenzake waliokuwa wamezoea kucheza kwa adabu za Kilokole wakajikuta wanamrushia mpira kwa hasira zote na kupiga mayowe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchana alitoa mkate wa kumimina aliokuja nao kwenye kontena, tukagawana wote. Tuliomba kabla ya kula, yeye akasema bismillahi yake, tukala.

Jioni ile mwenzangu mmoja katika huduma, mtu ninayempenda na anayefanya kazi kwa bidii kunishinda, aliniuliza kwa simu: "Yule dada Mwislamu, mlimshuhudia?" Nikasema hapana. Kukawa kimya. "Sasa siku nzima mlikuwa mnafanya nini?"

Hapa ndipo penye neno langu gumu. Katika huduma zetu tumezoea kuhalalisha mchezo kwa kuutumia. Tunaandaa bonanza ili watu waje, wakija tunawahubiria. Tunapika pilau ili tupate kusema. Kwenye ripoti tunaandika "michezo" kwenye safu ya mbinu za uinjilisti, na mpira unakuwa chambo, na rafiki anakuwa samaki. Najua Bwana alisema atawafanya wavuvi wa watu. Lakini wale walikuwa wavuvi wa nyavu, na hakuna mahali ninapoona kwamba aliwafundisha kudanganya samaki. Mtu akigundua kwamba kicheko chako kilikuwa na ndoana ndani yake, hatakiamini tena, na atakuwa na haki.

Siifichi imani yangu. Yule binti anajua mimi ni nani na ninafanya kazi gani, aliliona hilo kabla hatujapanda gari. Akiniuliza, nitamjibu yote, kwa furaha, hata usiku kucha. Lakini nage ilikuwa nage. Nilimwalika kucheza, tukacheza. Kama ningekuwa nimemwalika kwa jambo lingine na kuliita mchezo, ningekuwa nimesema uongo kwa jina la Kweli.

Kuna Zaburi ninayoipenda kuliko zote tangu nije kisiwani, ile ya 104. Mtunzi anaitazama bahari kubwa, pana, anaona merikebu zinapita, na anasema humo yumo lewiathani ambaye Mungu amemwumba ili acheze humo. Acheze. Hakuumbwa ili abebe mizigo wala ili avuliwe. Kizimkazi pomboo wanafanya hivyo kila siku, karibu na kile kijiji chenye msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yanataja mwaka 1107 kwa hesabu ya miladi. Watu wanasali pale kwa karne na karne na pomboo wanarukaruka karibu nao muda wote huo, wala si kwa ajili ya faida ya mtu. Mungu anayewaumba viumbe wa hivyo hawezi kukasirika akimwona binti wa Makambako amelowa.

Na Bwana mwenyewe. Injili ya Marko inasema mitume walirudi kutoka kazini wakamweleza yote waliyoyafanya, watu wakawa wengi hata nafasi ya kula hawana, naye akawaambia waende faragha wapumzike kidogo. Walipanda chombo. Sura mbili nyuma yake amelala usingizi chomboni, juu ya mto, dhoruba inapiga. Ninajua wahubiri wanaoipenda dhoruba ile. Mimi naupenda mto. Mtu fulani aliubeba akauweka pale, na Mwana wa Mungu akaweka kichwa.

Lakini fungu lililonibadilisha zaidi nilianza kulielewa nikiwa Mkunazini.

Kanisa kuu la Anglikana pale Mji Mkongwe limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere alilisimamia jengo lile, huku akiwa anatafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja, na amezikwa humo humo. Waongozaji wanawaonyesha wageni altare na kusema pale ndipo palipokuwa na nguzo ya kuchapia. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo, zilizowekwa 1998. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wapya pale, na kila mwaka kuna anayelia.

Kufungwa kwa soko hakukuwa kufungwa kwa utumwa. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria visiwani hadi amri ya 1897, na wanawake waliokuwa masuria walisubiri hadi 1909. Miaka yote hiyo karafuu zilichumwa. Mtumwa wa shambani alikuwa na siku zake chache za kulima kijishamba chake, na hizo nazo zilikuwa mkononi mwa bwana.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mle ndani, nasubiri kundi limalize kutembezwa, nikafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Amri ya sabato imeandikwa mara mbili katika Torati. Kwenye Kutoka sababu yake ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Nilikuwa naijua hiyo tangu Shule ya Jumapili. Kwenye Kumbukumbu sababu ni nyingine kabisa. Pumzika, na mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa maana ulikuwa mtumwa Misri, na Bwana akakutoa huko. Kupumzika ni alama ya mtu aliyetolewa sokoni. Na Farao, Israeli walipoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu wao, aliwaambia nini? Kwamba ni wavivu. Akawanyima majani ya kutengenezea matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile.

Nilikaa pale na wazo hilo, chini ya altare ile, na nikaona huduma yetu kwa macho mengine. Tunawaambia wanafunzi wamekombolewa, kisha tunawapa ratiba ya Farao. Jumatatu maombi, Jumanne neno, Jumatano mazoezi ya kwaya, Alhamisi maombi tena, Ijumaa mkesha, Jumamosi uinjilisti wa nyumba kwa nyumba, Jumapili ibada mbili. Anayekosa anaitwa baridi. Na wana mitihani, na wana njaa, maana bumu, fedha ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa. Kijana mmoja alisinzia kwenye kikundi changu akaomba msamaha kwa Mungu, kwa sauti, kana kwamba usingizi ni dhambi. Nilimwambia aende akalale. Hakuamini kwamba namaanisha, ikabidi nimtoe nje mwenyewe, nimsindikize hadi bweni.

Tangu hapo ratiba yetu ina pengo. Jumatano hakuna kitu. Wengine wamenipinga, na baadhi ya viongozi wa wanafunzi wanasema tutapoa. Sijabadilisha. Jumatano vijana wanafua, wanasoma, wanacheza keram, wanakwenda Forodhani kutazama watoto wa mjini wanavyojirusha baharini kutoka ukutani kichwa chini miguu juu, wanachangiana urojo mmoja watu watatu. Nawaambia wakae tu.

Katika hili wenyeji ni walimu wangu. Nenda Mji Mkongwe baada ya alasiri, nenda hata Jang'ombe au Michenzani, utakuta watu wamekaa barazani. Hawasubiri gari. Wamekaa. Kahawa inapita, bao linachezwa, mtu anasoma gazeti kwa sauti, mwingine anampinga. Adhana ya magharibi inapolia wanainuka, wanasali, wengine wanarudi. Siku yao imekatwa vipande na sala tano, na kila kipande kina mwisho wake. Sisi tuliokuja na Injili ya pumziko tunakimbia mbele yao na mikoba mgongoni, tumechelewa.

Sasa kuhusu kuogelea, maana hapo napo kuna kazi.

Kuna bibi mmoja wa Mbweni ambaye hunikaribisha chai ya tangawizi. Familia yake ni ya Wakristo wa zamani wa pale, walikowekwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, kwenye ardhi ya misheni, karibu na kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa miaka ya mwanzo ya 1880 na lingali likisali hadi leo. Bibi amezaliwa mita chache kutoka baharini na hajawahi kuogelea. Nilipomwambia nawafundisha wasichana kuelea alinitazama kwa huzuni. "Bahari si ya kuchezewa, mwanangu." Akanitajia Spice Islander, meli iliyozama Septemba 2011 usiku ikielekea Pemba, na Skagit iliyofuata Julai 2012. Hakuna nyumba hapa ambayo haikuguswa, akasema, na kwa mbali ni kweli, kila mtu ana jina la mtu.

Nilimjibu kwa heshima kwamba ndiyo sababu. Wanafunzi wangu wanavuka na boti kila likizo na wengi hawajui hata kulaza mwili juu ya maji. Nungwi kuna mradi ambao umefundisha wasichana wa kijiji kuogelea wakiwa wamejistiri mwili mzima, na wazazi waliokuwa wakikataa wakakubali. Sisi tunafanya kidogo kidogo, wakati maji yanajaa taratibu, penye mchanga, pasipo mkondo, maji yakifika kifuani na si zaidi. Wanavaa suruali za kubana na fulana ndefu, dera tunaliacha ufukweni maana linavuta chini. Namshika msichana mkono mmoja chini ya mabega, mmoja chini ya kiuno. Namwambia aweke masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu, apumue kwa mdomo. Shingo ndiyo inayokataa. Anainua kichwa kutafuta uso wangu, na akiinua kichwa, miguu inazama, anashtuka, anameza maji ya chumvi, anakohoa. Tunarudia. Siku shingo inapolegea unaihisi kwenye viganja, uzito unaondoka, na ghafla hujashika kitu. Wengine wanalia hapo. Mmoja alibaki hivyo, macho yamefumba, mpaka nikamwambia dada toka, utapauka.

Bibi bado hakubali. Ananiombea kila tunapokwenda, na naamini maombi yake yanafika.

Mipaka ninayo, na wanafunzi wanaijua. Kendwa kuna sherehe za mwezi mpevu, muziki hadi alfajiri, pombe nyingi, na kila muhula kuna wanaoniuliza kama kuna ubaya wa kwenda kutazama tu. Nawajibu kama dada yao: siwezi kwenda nawe, na nisingependa uende. Nimewaona waliorudi. Raha ile inauzwa, na mara nyingi bidhaa yenyewe ni vijana kama wao, watoto wa kimaskini wenye sura nzuri mbele ya wageni wenye fedha. Nasema hivyo hivyo kuhusu wanafunzi wa kike wanaovutwa na maisha ya hoteli za pwani. Pumziko ninalolitetea hakuna anayelilipia kwa mwili wa mwenzake. Ukirudi kutoka Bwejuu una mchanga masikioni na njaa, na kesho yake unaweza kumtazama kila mtu machoni.

Kuhusu mavazi sina maneno mengi. Tuko kwenye kisiwa cha watu wenye staha, tunavaa kwa staha. Mkristo anayedhani uhuru wake ni kupita kijijini nusu uchi kama baadhi ya watalii hajaelewa maana ya jirani.

Na kwa ndugu zetu mnaochangia kazi hii: fedha yenu ndiyo inayolipa nauli yangu ya kwenda kukaa na aliyefiwa. Inalipa pia, baadhi ya Jumamosi, nauli ya kwenda pwani. Nimeanza kuiandika wazi kwenye ripoti, mstari wake peke yake: mapumziko na wanafunzi. Mmoja wenu aliacha kutuma baada ya kuuona mstari huo. Iliniuma, lakini sikuufuta. Kuna watumishi wazuri wa rika langu ambao wamerudi makwao wakiwa na vidonda vya tumbo, ndoa zimeyumba, hawataki hata kufungua Biblia, na ripoti zao zilikuwa safi mpaka mwezi wa mwisho. Ningependa kuwatumikia wanafunzi hawa nikiwa na miaka arobaini, nikiwa bado ninacheka.

Sasa hivi tuna jambo lingine mbele yetu. Yule binti Mpemba amewaalika wenzake wa nage kwao kwa sikukuu ya Idd, akaniambia mama yake amesema na dada mtumishi aje. Kwao ni kijijini, mbali na Mkoani inapotia nanga meli, na siku za sikukuu watoto wanatembezwa nyumba hadi nyumba kuomba mkono wa Idd. Ameshatuonya kwamba dada zake wakubwa wanacheza nage kumzidi yeye. Wazazi wa wanafunzi wawili wamekataa, mmoja kwa sababu ya meli, mwingine kwa sababu ya dini, na nimewapigia wote wawili kuwasikiliza. Waliobaki wanachanga nauli tangu bumu lilipotoka. Mwenzangu yule wa simu ameniuliza tutakwenda kufanya nini huko. Nimemwambia tumealikwa kula na kucheza, na nimemwomba aje.